Somo la Hali ya Hewa: Uwanja, Mawingu na Radi ya Alasiri Birongo

Mkazi wa Birongo hahitaji kuambiwa kwamba anaishi mahali pazuri. Joto si kali, migomba na majani chai hustawi, na mvua haitukimbii kwa muda mrefu. Lakini hali hiyohiyo inayotulisha ndiyo inayoleta radi, tena saa zile watoto wetu wako uwanjani. Somo hili linaeleza sababu yake, na hatua ambazo shule, timu na familia zinaweza kuchukua bila gharama.

Kwa nini mvua yetu hupenda alasiri

Wadi ya Birongo, eneo bunge la Nyaribari Chache, iko katika nyanda za juu za Gusii, kusini kidogo ya ikweta. Magharibi yetu kuna Ziwa Victoria. Jua likichomoza, nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa yenye joto hupanda, na upepo wenye unyevu hutoka ziwani kuja kuchukua nafasi yake. Ukifika kwenye vilima vyetu, upepo huo husukumwa juu zaidi, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu.

Kufikia saa nane au saa tisa mchana, mawingu huwa yamerundikana kama mlima mweusi. Ndani yake chembe za barafu hugongana na kuzalisha umeme. Ndiyo sababu mvua ya mawe na radi huandamana.

Mvua ndefu hunyesha kati ya Machi na Juni, na mvua fupi kati ya Septemba na Novemba. Januari na Julai hupungua, lakini hatuna mwezi mkavu kabisa. Kwa mwaka, nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua.

Saa ya mchezo ndiyo saa ya radi

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, yaani zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba. Mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande vidogo, na mahali pa wazi pamebaki pachache. Katika vijiji vingi, uwanja wa shule ya msingi ndio uwanja wa kila mtu: wanafunzi, timu za vijana, hata mikutano.

Tuna haki ya kuuthamini. Naftali Temu, mwana wa Gusii, ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968. Michezo huwapa vijana afya na shughuli ya maana.

Hata hivyo, uwanjani mchezaji ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu naye, na pembeni mara nyingi kuna mikaratusi inayovuta radi. Michezo nayo huanza baada ya masomo, mawingu yakiwa yamekwisha kukomaa.

Agosti 2020, huko Arua nchini Uganda, watoto waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia kibanda mvua ilipokuja. Radi ikapiga kibanda hicho, na watoto 10 wakafa. Walikimbia mvua, lakini mahali walipojificha hapakuwa na kinga.

Kanuni ya thelathini mbili

Ukiona umeme, anza kuhesabu polepole hadi usikie ngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Ukihesabu hadi tisa, radi iko kilomita 3 kutoka kwako. Ngurumo ikisikika kabla ya kufika 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukufikia. Simamisha mchezo papo hapo, hata kama mvua haijaanza kunyesha.

Thelathini ya pili ni dakika. Baada ya ngurumo ya mwisho, subiri dakika 30 kabla ya kurudi uwanjani. Ngurumo ikisikika tena, anza kuhesabu upya.

Pa kujikinga

1. Ingieni darasa lililojengwa kwa mawe au matofali, mfunge milango na madirisha. Kaeni mbali na kuta, mifereji ya maji na nyaya za umeme.
2. Matatu au gari lenye bodi ya chuma, vioo vikiwa vimefungwa, ni kinga nzuri. Bodaboda si kinga.
3. Msisimame chini ya mti, wala kwenye kibanda cha nyasi au kibanda wazi cha mabati. Umeme huruka kutoka mtini na pia husambaa ardhini. Ndiyo maana ng'ombe kadhaa hufa pamoja chini ya mti mmoja.
4. Shule yenye kikinga radi ikikague. Waya wa shaba unaoshuka ardhini ukikatwa au kuibwa, kifaa hicho hakisaidii.

Aliyepigwa na radi

Mwili wake hauna umeme, kwa hiyo mguse bila hofu. Kama hapumui, mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza aanze kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi mara moja, huku mwingine akipiga 999 au 112. Wengi huokoka wakisaidiwa mapema. Usimpake matope wala kumfukia udongoni. Huko ni kupoteza dakika zinazoweza kumwokoa.

Radi haitumwi na jirani

Baada ya msiba, wengine huanza kumtafuta "aliyetuma" radi. Radi hutokana na joto, unyevu na vilima, kama tulivyoona. Kaunti yetu imewahi kupoteza wazee wasio na hatia kwa tuhuma za uchawi. Ukisikia maneno hayo yakianza, mjulishe chifu au mzee wa kijiji bila kukawia.

Tuanzie wapi

Katika miezi ya mvua, mashindano ya Jumamosi yaanze saa mbili asubuhi na yamalizike kabla ya saa saba mchana. Kila timu imteue mtu mmoja wa kuhesabu, mwenye uwezo wa kusimamisha mchezo bila kubishiwa na refa wala mashabiki. Na mikaratusi iliyo ukingoni mwa uwanja, kamati ya shule iamue hatima yake.

Maswali ya kujadili barazani

1. Uwanja wa kijiji chetu uko umbali gani kutoka jengo salama? Watoto wote wanaweza kulifikia kwa dakika ngapi?
2. Siku ya mechi, ni nani mwenye funguo za madarasa?
3. Ni nani kijijini aliyefunzwa huduma ya kwanza, na anapatikana wapi?