Mauzo ya Mashine za Picha za Tiba: Wajibu wa Muuzaji, Kituo na Mgonjwa

Tangu Wilhelm Röntgen alipogundua miale ya eksi mwaka 1895, tabibu ameweza kuona ndani ya mwili bila kuupasua. Hata hivyo, kati ya kiwanda na kitanda cha mgonjwa yupo afisa mauzo, na uamuzi anaoushawishi humgusa mgonjwa moja kwa moja.

Mfano wa karibu ni vituo vya afya vya Tegeta, wilayani Kinondoni. Mashine ya altrasaundi ikinyamaza, mjamzito hulazimika kufuata kipimo kwingine, pengine Mwananyamala au Muhimbili. Nauli, foleni na siku ya kazi iliyopotea humwangukia yeye. Kwa hiyo bei iliyoandikwa kwenye ankara si gharama yote ya mashine.

Muuzaji mwadilifu hukagua kwanza, kisha hutaja bei. Hutazama kama umeme wa kituo ni thabiti, kama chumba kina kiyoyozi cha kukabili joto na unyevu wa pwani, na kama yupo mtaalamu wa kuitumia mashine hiyo. Kwa eksirei, ambayo hutumia mionzi, kuta za chumba ziwe na kinga, na watumishi wawe na vipima mionzi. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, hivyo masharti yake ni mengine.

Kituo nacho kina wajibu. Kabla ya kutia saini, kihakikishe kwamba kifaa kinakidhi masharti ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kwamba taratibu za Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) zimefuatwa iwapo kina mionzi. Mkataba ujibu maswali manne:

1. Nani atawafundisha watumishi, na kwa muda gani?
2. Dhamana itadumu miaka mingapi?
3. Vipuri vitapatikana wapi?
4. Fundi atafika baada ya saa ngapi mashine ikiharibika?

Hatari kubwa zaidi huja baada ya mauzo. Mashine iliyonunuliwa kwa mkopo hudai marejesho kila mwezi, na deni hilo laweza kumsukuma mganga kuagiza vipimo visivyohitajika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24 ya ujauzito. Vipimo vya ziada vitokane na hali ya mama au mtoto. Kipimo huagizwa na ugonjwa, si na deni.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza kipimo ni cha nini na majibu yatabadili nini katika tiba yake. Mwanamke anayedhani ana mimba amweleze mtaalamu kabla ya kupigwa eksirei. Swali kama hilo si utovu wa adabu. Ni sehemu ya matibabu.