Kidonge cha mwanaume: utafiti umefika wapi?

Mwanaume anayetaka kushiriki uzazi wa mpango ana njia mbili tu za kisasa: kondomu na vasektomi, yaani kufungwa mirija ya mbegu. Kidonge chake bado hakijaidhinishwa popote duniani. Ukiuziwa dawa kwa jina hilo, usiinunue.

Kuchelewa huku kuna sababu. Miaka ya 1970, China ilijaribu gosipoli, kemikali ya mbegu za pamba. Mbegu za kiume zilipungua kweli, lakini baadhi ya wanaume walipungukiwa na potasiamu mwilini, na wengine hawakurudisha tena uwezo wa kuzaa. Njia ya homoni nayo hugusa testosteroni, ambayo ina kazi nyingine nyingi mwilini.

Ndiyo maana sasa wanasayansi wanachunguza jeni zinazofanya kazi zaidi ndani ya korodani. Mfano mzuri ni STK33. Kuna wanaume waliozaliwa na hitilafu katika jeni hii: mbegu zao zina mikia yenye kasoro, haziogelei vizuri, nao hawatungishi mimba. Zaidi ya hapo ni wazima. Kwangu mimi, huo ni ushahidi wenye uzito, kwa kuwa unatoka kwa binadamu wenyewe.

Mwaka 2024, Martin Matzuk na wenzake wa Baylor College of Medicine, Houston, walitangaza kemikali inayolenga STK33, waliyoiita CDD-2807. Panya dume waliopewa kwa wiki tatu walipungukiwa mbegu, na zilizobaki zikakosa mwendo. Dawa iliposimamishwa, walizalisha tena. Hapa wengi huogopa bure: dawa ya aina hii haibadilishi vinasaba. Inazuia tu protini inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni hiyo.

Lakini panya si mtu. Dawa nyingine isiyo ya homoni, YCT-529, ndiyo iliyokwisha kumezwa na wanaume 16 nchini Uingereza; matokeo ya mwaka 2025 yalihusu usalama wa dozi mojamoja, si kuzuia mimba.

Kwa sasa, kama mmeridhika na idadi ya watoto, zungumzeni na mtoa huduma kuhusu vasektomi, mkijua kwamba kuirudisha si jambo la uhakika. Baada ya upasuaji endeleeni na njia nyingine kwa miezi mitatu, kisha shahawa zipimwe kuhakikisha hazina mbegu. Vasektomi haizuii magonjwa ya zinaa wala VVU. Kwa hayo, kondomu bado inahitajika.