Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Chini ya mlima wa Oldeani, katika wilaya ya Karatu, ardhi ni nyekundu na mashamba ya kahawa yameenea. Jina la Oldeani latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mianzi, kwa kuwa mianzi huota katika mlima huo. Asubuhi ukungu hushuka toka msituni, na watoto waendao shule hujikunyata kwa baridi. Katika nchi hiyo alikuwako kijana mmoja wa darasa la sita, mwenye mwili wa nguvu, aliyependa mieleka kupita michezo yote.

Siku moja wanafunzi wa shule ya jirani walikuja kushindana, na watu wengi wakakusanyika kando ya uwanja. Kijana huyo aliingia uwanjani akijigamba, kwani katika shule yake hapakuwa na mtu aliyewahi kumbwaga. Mwenziwe alikuwa mwembamba, tena mfupi kidogo, wala hakusema neno. Waliposhikana, kijana akavuta kwa nguvu zake zote. Yule mwembamba hakushindana naye kwa nguvu. Alimwacha avute, akamfuata kule kule alikovutwa, kisha akampiga mtama. Kabla watu hawajamaliza kupiga kelele, kijana alikuwa chali mavumbini.

Wengine walicheka. Mshindi alimpa mkono ili amwinue, walakini yeye aliukataa, akainuka peke yake, akaondoka pasipo kuaga.

Usiku ule hakulala vema. Kwanza alijiambia ya kwamba uwanja ulikuwa na mteremko, na ya kwamba mwamuzi aliwapendelea wageni. Maneno hayo yalimtuliza kwa kitambo, kisha utamu wake ukaisha, kwa sababu alijua moyoni mwake ya kuwa si kweli. Ndipo akageukia upande wa pili, akasema, “Mimi si kitu. Watu wote wameuona udhaifu wangu. Sitashika mieleka tena.” Siku tatu hakwenda uwanjani, na wenzake walipomwita alijifanya mgonjwa.

Hayo ni makosa mawili, na watu wengi walioshindwa huingia katika moja, au katika yote mawili. Kosa la kwanza ni kuukana ukweli: mtu asema hakushindwa, bali alionewa. Kosa la pili ni kuuzidisha ukweli: mtu ameanguka mara moja, naye asema yeye ni wa kuanguka siku zote. Wa kwanza hawezi kujifunza, kwa sababu haoni kosa la kurekebisha. Wa pili naye hawezi kujifunza, kwa sababu aona makosa matupu, wala hajui aanze na lipi.

Siku ya nne mwalimu wake alimchukua mpaka ukingo wa shamba la kahawa lililo karibu na shule. Hapo mibuni mizee ilikuwa imekatwa, vikabaki visiki vilivyofika magotini mwa mtu.

Mwalimu akamwuliza, “Mwanangu, mti huu umekufa?”

Kijana akajibu, “La, mwalimu. Umekatwa ili uchipuke upya. Hata baba hufanya hivyo shambani kwetu.”

“Je, machipukizi yote huachwa yakue?”

“La, mwalimu. Huachwa mawili au matatu yenye nguvu, na mengine huondolewa. Yakiachwa yote, mti hauzai vema.”

“Na kahawa huchumwa mwaka ule ule uliokatwa mti?”

“Hapana, mwalimu. Sharti kungoja.”

Mwalimu akasema, “Basi wayajua yote niliyotaka kukuambia, ila hujayatia katika mambo yako mwenyewe. Nawe umekatwa, tena mbele ya watu. Sasa chagua chipukizi moja la kulea. Ni jambo gani lililokuangusha?”

Kijana alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Nilivuta kwa pupa, na miguu yangu ilikuwa imekaribiana. Aliponifuata, sikuwa na pa kusimama.”

“Hilo ndilo jibu la mshindani,” akasema mwalimu. Ndipo wakaketi juu ya nyasi, akamsimulia habari za watu wawili walioshindwa mbele ya macho ya watu wengi kuliko wale waliokuwa uwanjani pale.

Wa kwanza alikuwa mpiga mieleka, jina lake Dan Gable, Mmarekani wa jimbo la Iowa. Katika mieleka ya shule na ya chuo alikuwa ameshinda zaidi ya mara 100 pasipo kushindwa hata mara moja. Mwaka 1970, katika pambano lake la mwisho la chuo, alikutana na Larry Owings, naye Owings akamshinda kwa alama 13 kwa 11. Pambano moja tu, tena la mwisho, likatia doa katika kazi ya miaka mingi. Jambo hilo lilimwuma sana Gable, walakini alirudi mazoezini. Mwaka 1971 akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1972 akaenda katika michezo ya Olimpiki iliyofanyika Munich, katika Ujerumani ya Magharibi. Huko alipata medali ya dhahabu, na katika mapambano yake yote hapakuwa na mtu aliyepata alama hata moja juu yake.

Wa pili alikuwako Munich katika michezo ile ile, naye hakutoka nchi ya mbali. Alikuwa Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953. Bayi hakuwa mpiga mieleka, bali mkimbiaji. Alipofika Munich alikuwa kijana wa miaka 19. Alikimbia mbio za mita 1500, akakimbia na mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na dimbwi la maji. Katika mbio zote mbili aliondolewa katika hatua ya kwanza. Kwa hiyo mahali pale pale ambapo Gable alimaliza safari yake ya kurudi, kijana wa Karatu alikuwa anaanza safari yake.

Bayi hakuiacha kazi. Mwezi wa Januari 1973, miezi michache tu baada ya Munich, alikimbia mita 1500 katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo Kipchoge Keino wa Kenya, aliyekuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo mwaka 1968. Bayi akamshinda. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, alifanya jambo ambalo wakimbiaji wengi huliogopa. Wengi hukaa nyuma ya wenzao wakingoja mzunguko wa mwisho. Yeye alitoka mbele tangu mwanzo, akaongoza njia nzima. John Walker, mwenyeji wa nchi hiyo, alimkaribia sana mwishoni, lakini hakumpata. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ikawa rekodi mpya ya dunia. Mwaka 1975, huko Kingston, Jamaika, aliweka na rekodi ya dunia ya mbio za maili moja, dakika 3 na sekunde 51.

Habari hii ikiishia hapo itakuwa nusu tu ya kweli. Mwaka 1976 watu walingoja kwa hamu kuwaona Bayi na Walker wakishindana tena katika Olimpiki ya Montreal. Walakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika ya Kusini, iliyotawaliwa wakati ule kwa ubaguzi wa rangi, na kwa sababu hiyo Tanzania pamoja na nchi nyingi za Afrika zikaisusia michezo hiyo. Bayi hakukimbia, na dhahabu ya mita 1500 ikatwaliwa na Walker. Mazoezi ya miaka yakapita pasipo mbio.

Miaka minne mingine ikapita. Katika Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980, Bayi aliingia katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi, yaani mbio zile zile zilizomwondoa mapema kule Munich. Aliongoza kwa muda mrefu, mpaka katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Bayi akapata medali ya fedha. Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui naye alipata medali ya fedha katika mita 5000. Hata ilipomalizika michezo ya Paris ya mwaka 2024, Tanzania ilikuwa haijapata medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili.

Mwalimu alipokwisha kusimulia, kijana akauliza, “Basi mwalimu, nikifanya mazoezi sana, nitamshinda yule?”

Mwalimu akajibu, “Hilo siwezi kukuahidi. Mashindano ni ya watu wawili, na mwenzio naye anafanya mazoezi. Ushindi hauko mikononi mwako peke yako. Lakini mazoezi yako mikononi mwako, na namna ya kuinuka iko mikononi mwako.”

Tangu siku ile kijana akaanza kazi. Hakujaribu kurekebisha mambo yote, bali alichagua moja, yaani kusimama imara. Kila jioni alipanua miguu yake, akakunja magoti kidogo, akamwomba rafiki yake amvute kutoka upande wowote. Alipozoea kufanya hivyo mwili ukiwa na nguvu, alianza kufanya baada ya kuteka maji na kupasua kuni, ili ajizoeze kusimama hata akichoka. Mara nyingine alipokuwa akifanya mazoezi, kicheko cha watu wa siku ile kilimrudia masikioni, na uso ukamwaka kwa aibu. Hapo alivuta pumzi polepole, akajiambia neno moja tu, “Miguu,” akaendelea.

Hata siku moja, mnadani, alimwona yule aliyembwaga. Moyo ulimwambia apite upande mwingine. Walakini alimwendea, akamsalimu, akasema, “Ndugu yangu, siku ile sikukupa mkono. Nisamehe. Tena nataka kujua, ulionaje ya kuwa nitaanguka?” Yule mwembamba akacheka kwa wema, akamwonyesha mbele ya watu wa mnada jinsi alivyotazama mabega yake yakitangulia mbele ya miguu. Neno hilo moja lilimfaa kijana kuliko majuma mengi ya hasira.

Mvua za masika zilipokwisha, shule zile mbili zilikutana tena, na mapambano yakawa ya mara tatu. Mara ya kwanza kijana alibwagwa. Watu wakadhani atakasirika kama zamani. Yeye alijipangusa vumbi, akavuta pumzi, akarudi mahali pake. Mara ya pili mwenziwe alimfuata tena apate kumpiga mtama, lakini miguu ya kijana ilikuwa imetulia chini kama mizizi, na yule mwembamba ndiye aliyeanguka. Mara ya tatu walishikana muda mrefu, jasho likawatoka, na mwishowe kijana akaanguka tena.

Alishindwa, basi, mara mbili kwa moja. Lakini mshindi aliponyosha mkono, aliushika, akainuka, na watu wakawapigia makofi wote wawili. Njiani alipokuwa akirudi, mwalimu alimkuta akitembea peke yake huku anapanga mabega yake na miguu yake kama mtu ashikaye mieleka na hewa. Hakumsemesha, akamwacha na kazi yake.

Wako wasikiao mithali isemayo, “Asiyekubali kushindwa si mshindani,” wakafikiri ya kuwa yawafundisha watu kuridhika na kushindwa. Sivyo. Kukubali kushindwa ni kuliita jambo kwa jina lake, pasipo kulipunguza wala kulizidisha, kisha kutafuta lililosababisha na kulifanyia kazi. Moyo mgumu si moyo usioumia. Gable aliumia, na kijana wa Oldeani aliumia. Moyo mgumu ni ule uumiao leo, na kesho ukaenda uwanjani.

MASWALI

1. Kijana wa Oldeani aliingia katika makosa gani mawili baada ya kubwagwa mara ya kwanza?
2. Kwa nini mwalimu alimpeleka kijana kutazama mibuni iliyokatwa?
3. Dan Gable na Filbert Bayi wote walikuwako Munich mwaka 1972. Mambo yao huko yalitofautianaje?
4. Eleza kwa nini Bayi hakukimbia katika Olimpiki ya mwaka 1976.
5. Kijana alishindwa tena mara ya mwisho. Je, waonaje, mazoezi yake yalipotea bure? Toa sababu za jibu lako.
6. Andika habari fupi ya siku uliyoshindwa katika mchezo au katika mtihani, ukataje jambo moja uwezalo kulirekebisha.