Mama Aliyenyamaza

Tumfikirie mama mmoja wa Sola, katika Mkoa wa Simiyu. Pamba imekwisha kuuzwa, na jioni imeingia. Asikiapo baiskeli ya mumewe uani, moyo wamwenda mbio, mikono yatetemeka, ingawa leo mume hakulewa wala hana neno naye. Watoto nao wananyamaza. Alipigwa mara ya mwisho miezi mitatu iliyopita; alama za fimbo zimefutika, na majirani wasema kwamba nyumba ile sasa ina amani.

Hiyo si amani. Mwili wake umejifunza kungojea pigo, na angojeaye pigo hapati usingizi. Hutia chumvi mara mbili katika mboga, husahau alilotumwa, hulia bila kujua sababu. Ndipo mume humwita mpumbavu. Naye, akiisha kuambiwa hivyo miaka mingi, husadiki. Hapo ndipo penye madhara makubwa kuliko yote: mama huanza kudhani kwamba kosa ni lake, kwamba angalipika mapema asingalipigwa. Mtu wa namna hiyo atamshitaki nani?

Wala mama huyo si peke yake. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani, uliotangazwa mwaka 2005, uliwahoji wanawake wa nchi kadhaa, wakiwamo wa Dar es Salaam na wa Mbeya. Kati ya waliopata kuwa na mume au mwenzi, 41 katika kila 100 wa Dar es Salaam, na 56 katika kila 100 wa Mbeya, walikuwa wamepigwa naye au kuingiliwa kwa nguvu. Katika nchi hizo, waliotendewa hivyo walizidi wenzao kwa huzuni, usahaulifu na mawazo ya kujiua.

Wazee hujibu: ng'ombe wa mahari wamelipwa, avumilie. Na sisi mapadre, tukiri, mara nyingi tumemrudisha kwa shauri hilo hilo, tukiitaja sakramenti. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yakataza mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, yampa haki ya kutengana na mwenziwe yule ambaye yeye au watoto wake wamo katika hatari kubwa ya roho au ya mwili. Na kukawia kukiwa na hatari, aweza kuondoka bila kungoja ruhusa. Tena kanuni hiyo yaitaja roho kabla ya mwili.

Basi mama huyo akija kwako, usimwulize amemkosea nini mumewe. Mkalishe mahali ambapo mume hasikii, umwulize habari za usingizi wake. Akitaka, mfuate hospitalini, na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Siku ya kwanza huenda asiseme neno, akaomba chumvi tu na kwenda zake. Mpe chumvi, umwambie arudi kesho.