Gari la Kikundi: Tupige Hesabu Kabla ya Kuongeza Vyuma



Wazee wa pwani husema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Leo mwenzetu huyo ni springi ya gari.

Tulisaidia kikundi cha akina mama wa Mji wa Kale, Mombasa, kununua gari kuukuu la njia mbovu, la kuleta mahindi kutoka Kinango. Kabla ya safari ya kwanza tuliliongezea keria ya chuma, bampa kubwa la mbele na winchi. Likapendeza kweli! Mwezi wa tatu springi ya nyuma ikakatika njiani, na akiba ya miezi sita ikaishia kwa fundi. Kosa lilikuwa letu sote: hatukupiga hesabu.

Hebu tuipige sasa. Tuseme kiwanda kinaruhusu gari libebe kilo 700, watu na mizigo pamoja.

- Keria kilo 60, bampa 50, winchi 40: kilo 150.
- Madumu 5 ya maji ya lita 20: kilo 100.
- Dereva na watu 4, kila mmoja kilo 70: kilo 350.

Zimebaki kilo 100. Gunia la mahindi ni kilo 90. Basi gari zima linakwenda Kinango kuleta gunia moja! Tukipakia matano, springi zinalala, kila shimo chuma kinagonga chuma, na chasisi inapata nyufa. Na keria ikijaa, gari hupinduka upesi kwenye kona.

Mtaambiwa, "Ongezeni springi, mambo yataisha." Sivyo. Springi ngumu huinua gari, lakini breki, ekseli na tairi ni zile zile. Pale kwenye mteremko wa feri ya Likoni, kinachowaokoa watu ni breki.

Tufanye nini?

1. Tusome uzito unaoruhusiwa kwenye kibao au kitabu cha gari.
2. Tupime gari kwenye mizani, mbele na nyuma mbalimbali.
3. Tuondoe kisichotumika. Vizito vikae chini, kati ya ekseli mbili.
4. Chombo kizito kikiwa cha lazima, springi na shokabzoba zibadilishwe pamoja, zilingane na uzito huo. Hata hivyo kipimo cha kiwanda kisizidishwe.

Maswali ya kujadiliana

Katika gari, mashua au mkokoteni wetu, ni kitu gani tunakibeba kila siku bila faida? Ni nani kati yetu anayejua uzito wake?