Kuuza Sarafu za Kale na za Ukumbusho kwa Faida

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na akaharamisha riba. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Amma baad:

Wako watu wanunuao sarafu zilizokwisha toka sokoni, au zilizopigwa chache kwa ukumbusho, kisha wakaziuza kwa faida kidogo. Katika hizo ni reale ya Sham. Na reale ya fedha ya Sayyid Barghash wa Unguja ya mwaka 1299 wa Hijra (1882). Na sarafu za dhahabu za Kenya za mwaka 1966. Na za Tanzania za mwaka 1974 zenye sura za wanyama. Huulizwa: Je, faida hiyo ni halali?

Jawabu: Asili yake ni halali. Sharia haikuweka mpaka wa faida, maadamu wawili wameridhiana pasipo hadaa. Lakini dhahabu na fedha si kama nguo wala jembe. Zina masharti, na mwenye kuyaacha huingia katika riba naye adhani yumo katika biashara.

Mas'ala ya kwanza: Fedha kwa fedha. Katika hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.), aliyoipokea Muslim, dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha sharti ziwe sawasawa, na mkono kwa mkono. Zikihitilafiana jinsi, yafaa kuzidishana, lakini mkono kwa mkono hauondoki. Ukale wa sarafu na uchache wake hauhesabiwi hapa. Basi atoaye reale moja ya Barghash akapokea tatu za Sham, amekula riba, hata wakiwa wameridhiana. Wala haitoshi moja kwa moja; kwani reale ya Sham katika sehemu 1000 ina fedha safi sehemu 833, iliyobaki ni shaba, na katika madhehebu ya Imamu Shafii fedha iliyochanganywa haiuzwi kwa mfano wake, kwa kuwa usawa haujulikani.

Njia ya kutokea imo katika hadithi ya tende za Khaybar: Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyebadilisha pishi mbili za tende hafifu kwa moja ya tende nzuri, akamwamrisha auze zile hafifu kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu hizo anunue nzuri. Vivyo hivyo mwenye sarafu na aiuze kwa noti, azipokee, kisha anunue aitakayo.

Mas'ala ya pili: Kuuza kwa noti. Wanavyuoni wa baraza la fikihi la Rabita, Makka, mwaka 1402 (1982), waliamua kwamba noti ni nakdi, zina hukumu ya dhahabu na fedha katika riba na zaka. Kwa hiyo sarafu ya dhahabu au fedha haiuzwi kwa deni wala kwa mafungu. Mnunuzi akisema, "Nitaleta thamani Ijumaa," basi na wauziane Ijumaa.

Mas'ala ya tatu: Kuuza kabla ya kukabidhi. Mwenye kuagiza sarafu mpya, nayo ingali njiani, hana ruhusa kumwuzia mwingine mpaka iwe mkononi mwake. Kwa Mashafii hukumu hii yaenea kila bidhaa, si chakula peke yake.

Mas'ala ya nne: Kusema kweli, na hapa ndipo wengi huteleza. Reale ya Sham imeandikwa mwaka 1780, mwaka aliokufa malkia Maria Theresia ambaye sura yake imo. Lakini tarehe hiyo haikubadilishwa: zilipigwa Vienna miaka mingi baadaye, na Rome tangu 1935, na London tangu 1936, na Bombay 1940 na 1941, zote kwa tarehe ile ile. Basi amwambiaye mnunuzi, "Hii ina miaka zaidi ya mia mbili," naye ajua ni ya juzi, amedanganya, ingawa maandishi yamshuhudia. Hata akinyamaza, naye amwona mnunuzi akitoa thamani ya ukale, hajasalimika. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika chungu ya nafaka akakuta umaji chini yake, akamlaumu mwenyewe kwa kuuficha, na akamtenga mwenye kughushi na umma wake. Yule hakusema uwongo, alificha tu.

Basi mfanyabiashara na aseme: "Hii ni reale ya Sham, tarehe yake ni ya chapa, umri wake siujui." Faida atakayoipata baada ya maneno hayo, ingawa ni chache, ina baraka. Na wa llahu aalam.