Kabla Hujamlipa Kocha wa Maisha: Maswali Matatu ya Shangazi Yangu

Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje, na hoteli niliyokuwa nafanya kazi hapa Malindi ikafunga milango. Nilikuwa nimekaa mapokezi miaka 14. Ndege zilianza kurudi Agosti, hoteli ikafunguliwa baadaye, nami nikaitwa tena kwa mshahara mdogo kuliko wa kwanza. Nikarudi. Lakini kila asubuhi nikishuka kwenye tuk-tuk pale barabara ya Casuarina, miguu ilikuwa mizito. Sikuitaka kazi ile tena, na sikujua ninachokitaka.

Ndipo nikatafuta kocha wa maisha. Wa kwanza alinipotezea pesa. Wa pili alinisaidia kwelikweli. Dada na kaka wengi wa Watamu, Kilifi na hapa Malindi wameniuliza tofauti yao ilikuwa wapi, na nimeona heri niiandike yote pamoja.

Kazi ya kocha ni ipi hasa?

Kocha wa maisha hukuuliza maswali, hukusikiliza kwa makini, kisha hukusaidia kupanga hatua ndogo. Mkikutana tena anakuuliza hatua ile uliifanya au la, na kama hukuifanya, nini kilikuzuia. Uamuzi unabaki wako.

Jina lilitoka viwanjani, na fikra zake nyingi pia. Mwaka 1974 Mmarekani Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi, alitoa kitabu kuhusu jambo aliloliona kwa wanafunzi wake: mpinzani mkubwa wa mchezaji yumo kichwani mwake mwenyewe, na maelekezo mengi ya mwalimu humchanganya zaidi. Mwingereza John Whitmore aliipeleka fikra hiyo maofisini, na kitabu chake cha 1992 kilieneza utaratibu wa hatua nne ambao makocha wengi hufuata mpaka leo: unataka kufika wapi, uko wapi sasa, una njia zipi, na utafanya nini, lini.

Ukisoma hivi unaweza kuona ni jambo dogo. Nami niliona hivyo, mpaka kocha wangu wa pili aliponiuliza, "Dada, ni siku gani kazini uliondoka ukiwa na furaha?" Nilikaa kimya muda mrefu. Kisha nikakumbuka: siku nilizowafundisha vijana wapya wa mgahawani Kiitaliano cha kumkaribisha mgeni. Katika miaka 14 hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, hata mimi mwenyewe.

Pengine unayemhitaji si kocha

Ukiwa hulali, umefiwa na huzuni haikuachi, umepitia ukatili, au unafikiria kujidhuru, usianze na kocha. Nenda hospitali, au mwone mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Fani hizo mbili zina sheria yake nchini Kenya tangu 2014, na wanaozifanya wanapaswa kusajiliwa. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, nayo ipo kwa mtu aliyezidiwa na mawazo. Kocha mwaminifu akiona dalili hizi atakuambia mwenyewe, "Hili si la kwangu," na atakuelekeza panapofaa.

Ukiwa unajua uendako lakini hujui njia, mtafute aliyekwisha kuipita. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika hapa Malindi hakuhitaji kuulizwa anataka nini. Alitaka India. Alichohitaji ni rubani anayeijua bahari ile, Malindi ikampa mmoja, na katika muda wa chini ya mwezi akafika pwani ya Kalikuti. Anayetaka kufungua duka la samaki Mayungu atafaidika zaidi na mwenye duka la samaki kuliko kocha yeyote.

Kocha anamfaa mtu mwenye nguvu zake, ambaye chombo chake kizima lakini hajaamua kielekee wapi. Huyo ndiye niliyekuwa mimi.

Kosa langu, na kikao na shangazi

Kocha wangu wa kwanza nilimpata kwenye semina. Alizungumza vizuri, ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Nilikopa shilingi 30,000 kwenye chama nikalipia miezi mitatu. Kila tulipokutana alisimulia maisha yake, na mimi nikaandika. Aliniagiza niache kazi ndani ya wiki moja. Nilipomwambia nataka kwanza kushauriana na mama, alisema jamaa ndio wanaotuvuta nyuma. Kisha akanitaka nijiunge na kundi la juu, kwa ada kubwa zaidi. Hapo niliacha kwenda, na deni la chama nikalilipa kidogo kidogo hadi mwisho wa mwaka.

Nilimpelekea habari hizi shangazi yangu, ambaye alikuwa somo mtaani Shela kwa miaka mingi. Mabibi harusi wengi walipita mikononi mwake, akawafunda mambo ya mwili, ya nyumba na ya maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mambo matatu.

"Mwanangu, nani alikupeleka kwake? Siri yako anaiweka wapi? Na siku yake ya kumaliza ni ipi?"

Sikuwa na jibu hata moja. Somo hufundisha na kocha huuliza, kwa hiyo kazi zao si moja. Hata hivyo maswali yale matatu ndiyo niliyoyatumia kumtafuta kocha wa pili, na sijaona kipimo kinachoyashinda.

Nani alikupeleka kwake?

Somo hajitangazi. Huletwa na watu waliouona mkono wake. Basi omba kuzungumza na watu wawili waliowahi kufanya kazi na kocha huyo. Waulize wamebadilika nini, wala usiishie kuuliza kama wanampenda.

Kisha uliza alisomea wapi, kwa saa ngapi. Ukocha hauna sheria yake kama walivyo nayo washauri nasaha, kwa hiyo yeyote anaweza kuchapisha kadi yenye jina hilo. Vipo vyama vinavyopima, na kinachojulikana zaidi ni International Coaching Federation, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1995, ambacho kina tawi Kenya. Ngazi yake ya kwanza hudai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya kazi na watu. Ya pili hudai saa 125 na 500, na ya juu kabisa saa 200 na 2,500. Majina ya wenye vyeti hivyo yamo kwenye orodha yake mtandaoni, unaweza kuhakikisha mwenyewe.

Cheti hakimfanyi mtu kuwa msikivu. Lakini aliyefunzwa hukujibu swali hili bila kukasirika. Akikasirika, umeshapata jibu.

Siri yako anaiweka wapi?

Malindi ni mji mdogo. Ulilosema asubuhi Barani, adhuhuri limefika Muyeye. Kocha wangu wa kwanza alisimulia kwenye semina mambo ya wateja wake, bila majina, lakini waliokuwepo ukumbini waliwatambua. Ningepaswa kujua kuwa zamu yangu ingefika.

Taka maandishi yanayosema mazungumzo yenu ni siri, na ni hali gani tu zinaweza kuifungua siri hiyo, kama vile maisha ya mtu yakiwa hatarini. Taka kujua maelezo yako anayahifadhi wapi na nani mwingine anayaona. Picha yako na ushuhuda wako visiwekwe mitandaoni bila ruhusa yako. Mimi nilichagua kocha wa Kilifi kwa makusudi, mtu asiyejuana na wakubwa wangu wa kazi. Tulionana ana kwa ana mara mbili kando ya hori ya Kilifi, na vikao vilivyobaki tukafanya kwa simu.

Siku yake ya kumaliza ni ipi?

Kazi ya somo ina ukomo. Fungate ikiisha, siku saba zikitimia, anarudi kwake na nyumba inabaki ya wenyewe. Kocha naye akuambie mapema: vikao vingapi, kila kikao muda gani, ada kiasi gani, ukikatiza katikati unarudishiwa nini, na mtajuaje kuwa kazi imekwisha. Mimi nilikubaliana vikao sita vya saa moja moja, nikilipa kila kikao peke yake. Usilipe vyote kwa pamoja kabla hujamjua mtu.

Hapa nasema kwa uchungu, maana mimi ni mtu wa kaunti hii. Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa imefukuliwa katika msitu wa Shakahola. Simfananishi kocha yeyote na msiba ule. Lakini sisi wa huku tumeuona mwisho wa kumkabidhi mtu mwingine maisha yetu yote. Kwa hiyo yeyote anayekutaka usimuulize maswali, anayekutenga na mama yako na ndugu zako, anayekuharakisha kuacha kazi, shule au dawa, au anayesema bila yeye hutafika, inuka uondoke siku hiyohiyo. Pesa ulizolipa ziache. Kiongozi yeyote wa kweli, awe kocha, sheikh au mchungaji, hukurudisha kwa watu wako ukiwa na nguvu zaidi.

Mazungumzo ya kwanza

Makocha wengi hutoa kikao kifupi cha kufahamiana bila malipo. Zungumza na wawili au watatu kabla ya kuchagua. Nenda na jambo moja halisi linalokusumbua, kisha uangalie haya:

- Nani anazungumza zaidi? Akiwa yeye, tafuta mwingine.
- Je, ameuliza swali lililokufanya ufikiri upya, au amekimbilia kukupa jibu?
- Je, anaijua hali yako? Mshahara wako unalisha watu wangapi, mwaka wako unafuata msimu wa wageni, Ramadhani inabadilisha ratiba yako. Si lazima awe wa pwani, ila awe tayari kujifunza.
- Ukitoka hapo, unajisikia kumhitaji yeye, au unajisikia kuanza kazi?

Katika kikao cha sita kocha wangu aliniuliza kama bado kuna jambo nililohitaji kuulizwa. Nilifikiri, nikasema hapana. Akanitakia heri, wala hakunitajia kikao cha saba.

Sasa bado nafanya kazi hotelini siku tatu kwa wiki. Jioni nne nafundisha Kiitaliano barazani kwangu: vijana wa boti, wahudumu, na mama mmoja anayeuza vikoi ufukweni. Nilipomwambia shangazi jinsi kocha alivyoniaga, alitikisa kichwa taratibu. "Huyo sasa," akasema, "huyo nawe unaweza kumpelekea mtu."